Kigwa Iliharibika au Iliharibiwa?

Kuna sentensi moja fupi ilinikwama kooni kwa wiki nzima. Imo katika kitabu cha Henry Morton Stanley kuhusu safari yake ya kumtafuta Livingstone, kilichotoka London mwaka 1872. Mimi na wenzangu wachache tunaosoma pamoja tulikuwa tumegawana kurasa zake: kila mtu achukue kipande, akitie kwa Kiswahili, halafu tusomeane. Mimi nikaangukiwa na kipande cha kutoka Tura hadi Tabora, Juni 1871. Kurasa chache tu. Nikajisemea, hii ni kazi ya jioni mbili. Nikaenda vizuri mpaka nikafika Kigwa, nikakwama hapo.

Kwa asiyeijua, Kigwa leo ni kata ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, upande wa mashariki wa Tabora mjini. Zamani ilikuwa kituo cha misafara. Msafara uliotoka Bagamoyo ukavuka Ugogo, ukalipa hongo weee mpaka ukachoka, kisha ukapita lile pori la Mgunda Mkali, ulipofika Tura ulikuwa umeingia Unyamwezi. Baada ya Tura ni Rubuga, baada ya Rubuga ni Kigwa, na kutoka Kigwa, Tabora haikuwa mbali tena. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa uti wa mgongo wa biashara yote ile, walipofika hapa walikuwa wanasikia harufu ya nyumbani.

Stanley anaipa Kigwa sentensi moja. Anasema tu kwamba aliikuta imepatwa na kilekile kilichoipata Rubuga. Kitenzi ni "waste". Basi, imekwisha, msafara unasonga mbele.

Nikaandika: "Kigwa iliharibika." Nikafuta. Nikaandika: "Kigwa iliharibiwa." Nikafuta tena. Unaweza kuuliza, kwani kuna tofauti gani? Ngoja nikuonyeshe.

Mtoto akiangusha kikombe jikoni hasemi "nimekivunja kikombe". Anasema, "Mama, kikombe kimevunjika." Na mama, ambaye hakusoma isimu popote, anamjibu papo hapo: "Kimevunjika chenyewe?" Sarufi yote iko hapo. Kiambishi kile -ika kinafuta mkono uliotenda. Kikombe kimevunjika, gari limeharibika, maziwa yameharibika. Hakuna wa kuulizwa. Ukisema "kimevunjwa" au "limeharibiwa", hata kama hujamtaja mtu, umeacha mlango wazi, na msikilizaji anangoja ile "na" inayofuata. Limeharibiwa na nani?

Kwa hiyo kuchagua kati ya "iliharibika" na "iliharibiwa" ni kuamua kama Kigwa ina kesi au haina. Na mimi mfasiri, niliyekaa kwenye kiti changu miaka zaidi ya 150 baadaye, sikutaka kuamua kesi bila kusikiliza mashahidi. Ndipo nikaanza kufuatilia mambo mawili: kwanza kitenzi chenyewe kilitoka wapi, pili kilichoipata Rubuga ni nini.

Tuanze na kitenzi. "Waste" kiliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha Wanormani, na mzizi wake ni wa Kilatini: neno la kale lililokuwa na maana ya utupu, mahali pasipo kitu. Kutoka mzizi huohuo Waingereza wana "devastate", na wana pia "vast", yaani kubwa mno, pana mno. Zingatia hapo. Katika kiini cha kitenzi hiki, kuangamiza nchi ni kuifanya iwe tupu. Hakisemi kwanza habari ya moto, wala ya damu, wala ya kuta kuanguka. Kinasema utupu. Ndiyo maana Mwingereza wa leo anatumia neno hilohilo kwa maji yanayomwagika bure, kwa muda unaopotea, na kwa takataka za jikoni. Na nchi iliyotendewa kitenzi hicho inageuka kuwa nomino: inakuwa "a waste", nyika, jangwa, pasipo mtu. Tendo linayeyuka, inabaki mandhari.

Neno hili lina historia ya kiofisi pia, na hiyo ndiyo iliyonishtua. William, yule Mnormani aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, aliasiwa na watu wa kaskazini. Majira ya baridi ya 1069 kuingia 1070 alipeleka jeshi likachoma vijiji, mifugo na akiba za nafaka. Miaka 16 hivi baadaye, 1086, akaagiza nchi yote ihesabiwe kwa ajili ya kodi. Makarani wakaandika daftari kubwa, na huko Yorkshire, kijiji baada ya kijiji, waliandika neno moja la Kilatini la ukoo huu: "vasta". Tupu. Imeharibiwa.

Wanahistoria wa Uingereza wanabishana mpaka leo juu ya neno hilo. Wengine wanasema ni ushahidi wa yale majeshi. Wengine wanasema, subiri kwanza, karani wa kodi akiandika "tupu" anaweza kuwa anamaanisha tu kwamba hapa hakuna cha kutoza. Huenda watu wapo, ila kwa mfalme hakipatikani kitu. Yaani neno moja lilitosha kwa kijiji kilichochomwa na kwa kijiji kisicholipa. Ukiwa karani, yote mawili yanaonekana sawa: mstari usio na pato.

Shika hilo, tutalirudia. Sasa twende Rubuga.

Richard Burton na John Hanning Speke walipita njia hii mwaka 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Burton aliielezea Rubuga kama nchi iliyostawi, na Stanley anamkumbusha msomaji wake jambo hilo ili aone tofauti. Maana yeye, miaka 14 baadaye, anakuta vijiji vimechomwa, kimoja baada ya kingine, vimebaki mafungu ya miti iliyoungua na udongo uliofukizwa moshi. Mashamba bado yanaonekana pande zote mbili za njia, maili kwa maili. Nafaka iliyoiva miaka mingi nyuma bado imesimama, hakuna aliyeivuna, miiba imeota katikati yake. Ng'ombe walinyang'anywa. Na watu? Hapa Stanley anatoa habari moja muhimu kuliko zote, halafu anaipita: watu walifukuzwa, wakaenda kaskazini, mwendo wa siku tatu nne.

Kisha kuna jambo dogo ambalo nililisoma mara tatu. Pale Rubuga kulikuwa na waungwana wapatao 60, watu wa misafara kutoka pwani, waliotia kambi na kununua na kuuza pembe za ndovu. Chakula chao kilitoka wapi? Katika mashamba yaliyoachwa na watu wa Rubuga.

Kwa hiyo "tupu" haikuwa tupu. Palikuwa na watu 60 wanakula shamba lililolimwa na wengine, na wenye shamba walikuwa hai, siku nne kwa miguu, pengine wanajenga upya. Nchi ilikuwa imebadilishwa wakazi, na waliobaki walikuwa wale waliofuata pembe.

Hata miti inasema. Miongoni mwa mimea ambayo Stanley anaiona imevamia mashamba, yumo mmoja wa jamii ya mnyaa. Msafiri anaona pori linarudi. Lakini Unyamwezini mnyaa ulikuwa uzio. Vijiji vilizungushiwa minyaa, ukikata tawi linatoka utomvu mweupe, adui hapendi kupita hapo. Sisemi kila mti aliouona ulipandwa. Nasema mtu wa Rubuga angesimama palepale angejua upi ni pori na upi ni ua wa nyumba ya shangazi yake. Msafiri hakuwa na namna ya kujua, na hakuuliza.

Sasa, nani alifanya? Kwa Kigwa, sentensi haina mtu. Lakini miaka ile ina watu, tena wanajulikana. Ntemi Fundikira wa Unyanyembe alifariki miaka michache kabla ya 1860, akarithiwa na Mnywa Sele, ambaye vitabu vingi vya kizungu vinamwandika Manua Sera. Huyu alitaka bidhaa zinazopita nchini kwake zilipiwe. Waarabu wa Kazeh hawakukubali. Kwa msaada wao Mnywa Sele aliondolewa, akawekwa Mkasiwa. Mnywa Sele hakwenda kulala. Akaingia porini na watu wake, na njia ya mashariki, hii ya Tura, Rubuga na Kigwa, ikawa uwanja wake wa vita. Speke alipopita tena mwaka 1861 Mnywa Sele alimjia njiani na watu wake, akaeleza malalamiko yake, na Speke akajaribu kuwasuluhisha na Waarabu. Haikuwezekana. Vita viliendelea mpaka Mnywa Sele akauawa mwaka 1865.

Kati ya 1861 na 1871, basi, Rubuga ikawa majivu, na Kigwa pia. Palikuwa na pande mbili, zote na bunduki, na watu wa njiani wakawa nyasi za fahali wawili. Ule mwono wa kwamba Kigwa "ilipatwa", kama mtu anavyopatwa na homa, unaficha mzozo mzima wa kodi, urithi wa utemi na bei ya pembe.

Na usidhani mwandishi mwenyewe alibaki mtazamaji. Stanley alifika Kwihara, jirani na Tabora, tarehe 23 Juni 1871. Wiki sita baadaye yeye na askari wake walikuwa upande wa Waarabu kwenda kupigana na Mirambo wa Urambo, aliyekuwa ameifunga njia ya Ujiji. Walishambulia Zimbizo, boma likaanguka. Ndani ya siku chache Mirambo akawavizia kundi jingine la Waarabu waliotoka Wilyankuru wamesheheni mateka na pembe, akawamaliza wengi. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe, akaichoma, na Stanley akatazama moshi kutoka Kwihara. Mtu aliyeandika "waste" mwezi Juni bila kumtaja mtenda, mwezi Agosti alikuwa mmoja wa watenda, na mwisho wa mwezi huohuo karibu atendwe yeye.

Wala Mirambo hakubaki kuwa "mharibifu" katika maandishi hayo. Mwaka 1876 Stanley alikutana naye ana kwa ana, akashangaa kumkuta mtu mpole wa maneno, wakachanjiana damu. Miaka mitano tu ilitosha. Kumbe anayeitwa mwangamizi na anayeitwa mfalme anaweza kuwa mtu yuleyule. Inategemea umekaa upande gani wa boma, na kama mmeshakula pamoja.

Nikarudi kwenye daftari langu. Nikaona "iliharibika" haifai kabisa, ni kikombe kimevunjika chenyewe. "Iliharibiwa" inasogea. Lakini bado kitu kilinisumbua, nikatambua ni ule utupu. Katika Kiingereza utupu ndio uliobeba uzito, na utupu huo haukuishia kwenye vitabu vya wasafiri.

Tazama uliko kwenda. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kaizari wa Ujerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote ya koloni lake la Afrika Mashariki ambayo mtu hawezi kuthibitisha umiliki wake haina mwenyewe, kwa hiyo ni ya Taji. Upande wa Waingereza, wanasheria wa serikali mwaka 1899 waliona kuwa katika nchi zilizo chini ya himaya ardhi tupu na isiyokaliwa inaweza kuwa mikononi mwa Taji. Na mwaka uliofuata, katika Mkataba wa Buganda wa 1900, maili za mraba 9,000 za ardhi iliyoitwa tupu na isiyolimwa zikawekwa chini ya serikali ya Kiingereza. Neno lililotumika kwa hiyo ardhi "tupu" ni lilelile, "waste". Karani wa William akifufuka Entebbe angejihisi nyumbani.

Sisemi Stanley aliketi akapanga hayo. Nasema kuwa kitenzi kikishafuta mtenda, kisha kikafuta na mtendwa, kinachobaki ni ardhi peke yake, na ardhi iliyo peke yake inaomba mwenyewe. Kati ya "Kigwa ilipatwa" na "ardhi hii haina mtu" pana hatua fupi.

Kuna msomi aliyelipigania jambo hili: Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa mwaka 1977 kitabu juu ya mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki. Hoja yake kwa ufupi: pori ambalo wakoloni walilikuta na kuliona la tangu uumbaji, sehemu kubwa lilikuwa pori jipya. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe miaka ya 1890, watu wakafa au wakahama, kilimo kikarudi nyuma, kichaka kikasonga mbele na mbung'o ndani yake. Alikosolewa, na kwa haki, kwamba alipunguza mno ukali wa vita vya kabla ya ukoloni. Rubuga na Kigwa ni ushahidi dhidi yake. Lakini kwenye jambo moja alikuwa sahihi: pori lina tarehe. Kabla ya kuuliza pori hili lina ukubwa gani, uliza lina umri gani.

Sasa, Kiswahili chetu kina maneno gani? Tunayo mengi. Kuharibu, la asili ya Kiarabu, ambalo limechoka kwa kazi nyingi: tunaharibu simu, tunaharibu mtoto kwa kumdekeza, tunaharibu sherehe kwa kuchelewa. Kuangamiza, zito, linanukia mahubiri. Kuteketeza, la moto. Kubomoa, la ukuta. Kuhilikisha, la vitabuni. Ila kwa mahali palipoachwa tuna neno lisilo na kifani: mahame.

Hebu lisikilize. Mahame, kutoka kuhama. Gofu linatazama ukuta. Ukisema magofu ya Kilwa unaona mawe. Mahame yanatazama watu. Neno lenyewe linakwambia kulikuwa na mtu na huyo mtu akaenda. Mwingereza akiona pale anasema pametupika. Sisi tunasema pamehamwa. Yeye anahesabu kilichopungua ardhini, sisi tunawaza waliko wenyewe. Nilifurahi nusura niandike "Kigwa ilikuwa mahame" nifunge daftari.

Kabla sijafunga nikampigia simu rafiki yangu mmoja Mnyamwezi, nimuulize kama Kinyamwezi kina neno lake. Akacheka, akasema, "Ngoja nikupe bibi." Simu ikapita mikono miwili mitatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unasema unataka matongo?"

"Nataka kujua maana yake, bibi."

"Maana yake! Kwani unataka kulima?"

Nikamwambia sitaki kulima, naandika. Akanyamaza kidogo, nadhani akinihurumia. Kisha akanieleza. Tongo ni palipokaliwa. Nyumba haipo tena, boma halipo, lakini pale ng'ombe walilala miaka, majivu yalimwagwa pale, kwa hiyo udongo ni mzuri. Mahindi yanakubali, tumbaku inakubali. Mtu mwenye akili akitafuta shamba anatafuta matongo.

"Na waliokuwa wanakaa, bibi, walikwenda wapi?"

"Walihama."

"Kwa nini?"

"Wengine walihama, wengine walihamishwa. Inategemea. Udongo unachoka, mtu anahama. Mtu anakufa vibaya nyumbani, wanahama. Vita, wanahama. Na sisi hapa serikali ilitubeba kwenye lori, enzi za vijiji, tukaacha nyumba na miembe imesimama. Wewe usiulize kwa nini kwanza. Uliza ya nani. Kila tongo lina jina la mtu."

Nilikata simu nikiwa nimepata nilichotaka na nikiwa nimenyang'anywa nilichokuwa nacho. Maana bibi, bila kukusudia, alinionyesha ufa katika lile neno nililolipenda. Mahame yanamkumbuka aliyeondoka, sawa. Lakini hayasemi kama alihama au alihamishwa. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliacha mahame nchi nzima, na ukipita leo unasema "haya ni mahame" kana kwamba watu waliamka asubuhi moja wakajisikia kuondoka. Kumbe Kiswahili nacho kina njia yake ya kukivunja kikombe kisha kikaonekana kimevunjika. Kiingereza kinamsahau mtu na kukumbuka utupu. Mahame yanamkumbuka mtu na kumsahau aliyemtoa. Hakuna lugha iliyo na mikono misafi kwa kuwa tu ni yetu.

Ila jibu la bibi lilikuwa na dawa ndani yake. Kila tongo lina jina la mtu. Sheria ya 1895 ilisema ardhi isiyothibitishwa haina mwenyewe. Bibi anasema hata palipoachwa pana mwenyewe, na jina lake linatajwa na mtu anayepalima leo. Hizi ni kanuni mbili zinazopingana kabisa, na ya pili haikuandikwa katika gazeti lolote la serikali.

Hapo nikarudi kwenye sarufi, nikaona kitu ambacho natumia kila siku bila kukitazama. Kitenzi haribu kinaweza kumtanguliza mtu aliyeumizwa. Hatulazimiki kusema "nyumba yake iliibiwa". Tunasema "aliibiwa nyumbani". Tunasema "amefiwa": kifo ni cha mwingine, lakini sentensi ni ya aliyebaki. Basi na hapa inawezekana. Mji usiwe mwenye sentensi. Watu wawe wenye sentensi, mji uwe kilichoharibiwa mikononi mwao. Waliharibiwa mji wao.

Jumamosi tulipokutana kusomeana, nilisoma kipande changu kutoka Tura. Nilipofika pale nikasoma hivi: "Watu wa Kigwa nao walikuwa wameharibiwa mji wao, wakahamishwa kama wale wa Rubuga."

Mwenzetu mmoja, ambaye ni mkali wa tafsiri, akanizuia hapohapo. "Stanley hakuandika watu. Kaandika Kigwa. Umeongeza."

Ni kweli, nimeongeza. Sikujitetea sana. Nikamwambia tuandike tanbihi chini ya ukurasa kwamba katika Kiingereza watu hawamo, ili msomaji ajue nani kasema nini. Akakubali shingo upande. Kisha, huku anakunja karatasi zake, akauliza swali ambalo ndilo nilitaka liulizwe tangu siku ya kwanza.

"Sasa wameharibiwa na nani?"

Nikamwambia hiyo ni kazi ya wiki ijayo, maana inaanza na kodi ya Mnywa Sele.